Aliyekuwa Pale Papa Alipokufa

Nianze na kosa langu, maana nikianza na la yule nabii wa kike nitakasirika na langu nitalisahau.

Wiki tatu baada ya kupata habari kwamba Papa, baba yetu mzazi, amefariki upande wa Walikale, namba nisiyoijua ilibipu kwenye simu ya Mama. Simu nilikuwa nayo mimi, kwa sababu Mama hakutaka tena kusikia ikilia. Siku ya kwanza niliiacha. Siku ya pili niliiacha pia. Siku ya tatu ilipobipu nikapiga, na sauti ya mwanamume ikaitika, sauti nzito isiyo na haraka.

"Ni kwa bibi ya ule dereva wa Sake?"

"Mimi ni mutoto yake. Unataka nini?"

"Niko huku, njia ya Walikale. Papa yenu aliniachiaka maneno. Lakini siwezi kuyasema kwa simu. Mama akuje huku yeye mwenyewe, akae fasi, pale bwana yake alilalaka, njo nitamuambia."

Mimi nina ulimi, kila mtu wa Sake aliyewahi kuniomba bei ya kirafiki anajua. Nilimwambia atafute wajinga wengine wa kula. Nikamwambia wafu wetu hawana namba yake, na kama Papa angekuwa na jambo angekuja kunieleza mimi niliyemzoea. Nikakata, nikaifunga ile namba isiite tena. Sikumwambia Mama. Nilijiona nimefanya kazi nzuri sana ya mtoto wa kwanza.

Nijitetee kidogo. Tulikuwa tumetangaza kifo redioni kama kila mtu anavyofanya, jina la marehemu, majina ya watoto na wajukuu, na mwisho namba ya simu ya familia kwa wale wanaotaka kutoa pole. Namba hiyo huipata pia wasiotaka kutoa pole. Mmoja alipiga kusema ameota Papa anaomba mbuzi. Mwingine alisema anamwona amesimama mlangoni petu, na mlango wenyewe akautaja wa bluu, wakati mlango wetu haujawahi kupakwa rangi yoyote. Kwa hiyo mtu wa tatu aliposema ana maneno ya marehemu, sikumpa hata muda wa kumaliza.

Sisi ni watu wa upande wa Butembo. Wazazi wangu walishuka Sake zamani, wakiwa wapya katika ndoa, wakafungua duka karibu na pale njia ya Masisi inapoachana na ile ya Minova. Tunauza sabuni, chumvi, misumari, betri, na siku wachungaji wa Kirolirwe wanaposhuka, jibini zao za duara. Mama ndiye duka lenyewe. Papa alikuwa mtu wa kamio, yaani lori, akipakia chumvi na sabuni kuelekea Masisi, na barabara ikikubali, mpaka ndani Walikale, na kurudi na maharagwe au mafuta ya mawese. Ikiwa haikukubali, alikwenda vilevile.

Safari yake ya mwisho barabara haikukubali kabisa. Ilikuwa majira ya mvua, na njia ilikatwa mara na matope, mara na watu wenye bunduki. Makamio yalisimama kwenye foleni msituni siku baada ya siku, magurudumu yamezama, madereva wakipika kando ya njia. Dereva mwenzake aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni ndiye aliyetupigia. Alisema Papa alishikwa na homa kali, watu wa kijiji cha jirani wakamchukua nyumbani kwao, siku ya nne akafariki, wakamzika. Kisha mtandao ukakatika. Hatukupata zaidi ya hayo.

Hakuna aliyeweza kwenda. Tulifanya matanga bila maiti, koti lake juu ya kiti, picha yake juu ya koti. Watu walikuja, waliimba, walikula, walirudi kwao. Padri alisoma misa. Mimi nililia siku zangu nikamaliza, kisha nikarudi dukani, kwa sababu chumvi haijiuzi.

Mama hakumaliza. Matanga yalipokwisha aliendelea kulala kwenye mkeka. Aliacha kuimba kanisani, yeye ambaye sauti yake ilikuwa inawatangulia wanakwaya wenyewe. Alikonda mpaka kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili. Na alikuwa anauliza maswali ya ajabu, tukiwa tunapanga sabuni au tunapima misumari.

"Muntu akifa na kasirani, iko naenda nayo?"

"Mama, kasirani gani?"

"Ninauliza tu."

Nilidhani ni uzee. Nilimjibu kama mtu anayejibu mteja msumbufu. Laiti ningekaa chini siku ile nikamuuliza vizuri.

Ndipo mama mmoja wa kikundi chao cha parokia akamwambia habari za nabii wa Mubambiro. Nabii huyu alikuwa mwanamke wa umri wangu, aliyekuwa na chumba cha maombi katika nyumba ya mbao, mbele kidogo ya kambi ya askari. Alisemekana anawaona wafu ndani ya beseni la maji. Mama alikwenda mara mbili bila kuniambia. Mara ya tatu nilimkuta anavaa kitenge cha Jumapili siku ya Jumanne, nikajua, nikafunga duka nikamfuata. Njia nzima nilimhubiria. Nilimkumbusha katekisimu, nikamkumbusha akili zake, nikamwambia kama Papa angemwona angecheka. Alitembea tu, mkoba kifuani.

Chumba kilikuwa safi, lazima niseme hivyo. Wanawake kama wanane walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wote wafiwa, na hakuna aliyekuwa mjinga. Mmoja nilimjua, alikuwa mwalimu wa shule. Mwingine alikuwa ameshika fulana ya mtoto. Hapo hasira yangu ilipungua kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa kukuta watu wa kucheka.

Nabii aliinama juu ya beseni la plastiki la bluu, la aina ileile tunayouza sisi.

"Ninaona mwanaume," akasema. "Anasimama njiani. Miguu yake iko na baridi. Anataka viatu. Vyeusi, vya ngozi."

"Papa yangu hakuvaaka viatu!" nikasema, na nilisema kwa nguvu. Papa miguu yake ilikuwa inavimba. Aliendesha kamio kwa kandambili, alikwenda misa kwa kandambili, na siku ya harusi yangu alivua viatu vya kuazima katikati ya kanisa akavibeba mkononi.

Nabii hakuinua hata kichwa. "Njo maana miguu iko na baridi," akasema.

Ilikuwa jibu zuri, nakubali. Watu kwenye mabenchi waliitikia amina. Kisha akamtazama Mama akasema, polepole, "Na kuna neno moja katikati yake na wewe. Neno ulimuambiaka. Njo linamufunga fasi ile."

Mama alianguka. Sisemi alilia, nasema alianguka kutoka kwenye benchi, magoti yake yakagonga sakafu, na akaanza kusema "nisamehe, nisamehe" kwa beseni la maji. Nilimwinua nikamtoa nje. Nabii alikuwa bado anaagiza nyuma yetu kwamba viatu viwekwe juu ya kaburi.

Tulirudi Sake kwa miguu, kwa sababu Mama alikataa pikipiki. Karibu na nyumbani ndipo alipozungumza.

Asubuhi ile Papa anaondoka, binti yangu alikuwa amebakiza wiki mbili apate komunyo ya kwanza. Papa alikuwa ameahidi kuwepo. Mama alimwambia asiende, barabara ni mbaya, kila mtu anasema. Papa akasema mzigo umeshapakiwa. Wakabishana. Na Mama, huku anamfungia chakula cha njiani, jibini na ndizi za kuchoma, akamwambia maneno haya, na aliyarudia mbele yangu kwa sauti ileile ya siku hiyo: "Unapenda ile njia kupita siye. Basi enda! Enda ukufie kule kule!"

Akaenda. Akafia kule kule.

"Niliungama kwa padri," Mama akasema. "Akaniambia Mungu amenisamehe. Ninaamini. Lakini si Mungu njo nilimutukana."

Nilimshika mkono tukaendelea kutembea. Nilifikiri juu ya maneno ninayomwambia mume wangu kabla ya saa mbili asubuhi, siku ya kawaida kabisa. Nikafikiri pia juu ya yule nabii. Hakuhitaji kuona chochote ndani ya beseni. Kila mjane ana neno alilomwambia mumewe. Ukirusha wavu huo kwenye chumba cha wafiwa, huwezi kukosa samaki. Lakini kulijua hilo hakukunisaidia hata kidogo, kwa sababu neno la Mama lilikuwa la kweli, na jibu alilolitaka alikuwa nalo mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amekufa.

Mama alinunua viatu. Vyeusi, vya ngozi, namba arobaini na nne. Vikakaa kwenye mfuko juu ya kabati miezi mingi, mpaka barabara ilipofunguka kidogo, na wafanyabiashara wa kwetu wakaanza tena kwenda na kurudi kwa pikipiki. Siku moja akasema anakwenda kuviweka kwenye kaburi, na kama sitaki niache. Nilikwenda naye. Nilijiambia naenda kumlinda asije akatapeliwa na mwingine tena huko msituni.

Tulipanda pikipiki mbili. Tulilala Masisi kwa mfanyabiashara wa kwetu, na kesho yake tukaendelea. Milima ya ng'ombe ikaisha, miti ikakaribia, njia ikawa nyekundu kisha nyeusi. Kwenye vizuizi tulisema tunakwenda kaburini, na mara nyingi tuliachiwa bila maneno mengi. Mama hakulalamika hata mara moja, ingawa sehemu nyingine tulishuka tukasukuma pikipiki kwenye matope ya magoti.

Tulifika kijiji kile mchana wa siku ya tatu, tukikiulizia kwa madereva njiani. Nilimuuliza mwanamke wa kwanza tuliyekutana naye yalipo makaburi, akatuonyesha nyuma ya kanisa dogo la udongo. Tulitafuta msalaba mmoja mmoja. Papa hakuwepo. Mwanamke akaja kutuuliza tunamtafuta nani.

"Dereva wa kamio, mutu wa Sake, alifariki hapa wakati wa mvua."

"Ah, ule! Hayuko huku. Ule alizikwaka kule nyuma, kando ya njia. Mumeshamupita."

Hapo ndipo damu ilinipanda. Walimzika kando ya njia? Walikuwa na makaburi nyuma ya kanisa, nao wakaenda kumtupa mgeni barabarani! Nilianza kusema, na nilikuwa nasema mengi, Mama akinivuta mkono, mwanamke ananitazama tu. Aliponiona nimevuta pumzi, akasema, "Mama, muongee na bwana yangu. Yeye njo alikuwa naye."

Mumewe alitoka nyuma ya nyumba, mtu wa makamo, mfupi, mwenye jembe begani. Ni mkulima, na wakati wa mawindo anatega. Ukutani mwake kulikuwa na rozari imetundikwa, na kando yake ngozi ya mnyama na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa majani. Nilipokiona kibuyu nikasema moyoni, tumefika, huyu ndiye mganga mwenyewe. Kisha akasalimia.

Niliijua sauti ile kabla hajamaliza kusema karibu.

"Ninyi ni watu ya ule dereva," akasema. "Niliita ile namba ya redio mara tatu. Kuna mwanamuke mumoja mukali sana alinitukana."

Mama alinigeukia. Sijui uso wangu ulikuwaje, lakini alielewa mara moja, ndivyo mama walivyo.

"Wewe?"

"Mimi, Mama."

Nilingoja anichape, mtu mzima mwenye watoto. Mwenyeji wetu ndiye aliyecheka. "Muache, Mama. Hata mimi, muntu akiniita vile niko na kilio, ningemutukana. Lakini yeye anatukanaka vizuri. Hapa nyumbani tulimupatia jina, tulimuita Mama Simu."

Mkewe alicheka pia. Nilicheka kwa aibu, na ndani ya aibu ile nilikuwa nahesabu miezi ambayo Mama alilala kwenye mkeka kwa sababu ya kidole changu kimoja kwenye simu.

"Papa," Mama akamwambia mwenyeji wetu kwa heshima, akikitazama kile kibuyu, "wewe unaongeaka na wafu?"

Akashangaa kweli. "Mimi? Hapana, Mama. Wafu hawaniongeleshe. Mimi nilikuwa hapa tu."

Lakini maneno aliyoachiwa hakuyasema bado. Alitueleza kwamba kwao, tangu babu zake, mtu akifia nyumbani kwako, maneno yake ya mwisho unakuwa umewekewa. Huyatumi kwa mtu, na mfiwa hatumi mtu mwingine ayachukue. Mwenyewe anakuja, anakula chakula cha nyumba hiyo, anakaa pale marehemu alipolala, ndipo anaambiwa. Padri wao anajua desturi hiyo, akasema, na hajawahi kuikataza. Kibuyu kile kilikuwa cha chumvi.

Basi tukala. Fufu ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo na mawese, samaki wadogo wa mtoni. Mama alikula matonge matatu kwa heshima. Kisha yule mkulima akamkalisha kwenye kitanda cha miti kilichokuwa karibu na mafiga, akakaa mbele yake kwenye kigoda, akafuta mikono kwenye suruali. Mimi nilisimama mlangoni. Hofu niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa kuliko niliyowahi kuwa nayo kwenye kizuizi chochote. Maana sasa haikuwa beseni la maji. Huyu alikuwepo. Akisema Papa alikufa akimlaani Mama, itakuwa kweli, na hakutakuwa na nabii wa kumlaumu.

"Alikuwa na homa, lakini akili yake ilikuwa nzima," akaanza. "Alituchekeshaka sana. Alituambia: bibi yangu aliniambia nikufie huku. Sasa muone, mwanamuke ule hajakosaka hata siku moja!"

Mama alijifunika uso kwa mikono.

"Ngoja, Mama, haijaisha. Alikuwa anacheka. Alisema ulimuambia vile na ulikuwa unamufungia chakula. Alisema ulifunga fundo tatu, ya kufungua kwa meno. Kisha siku ya mwisho hakucheka tena. Aliniita karibu. Akasema: 'Bibi yangu atabeba lile neno. Ninamujua. Kwa hiyo akiuliza, mumudanganye. Mumuambie nilishageuza gari. Mumuambie nilikufia njiani, niko narudi nyumbani.'"

Kuni zilikuwa zinalia motoni.

"Sasa hii maneno ilitusumbua," mkulima akaendelea. "Muntu anakufa, anakuachia maneno, huwezi kukataa. Lakini anakutuma kudanganya mufiwa, na kwetu, kudanganya mufiwa iko mwiko mukubwa. Na kamio yake haikugeuka, ilikuwa inaangalia Walikale, imezama mpaka mulango. Siye wanaume tulikaa hapa inje, tukasumbuka, maiti ndani. Njo muzee wetu mumoja akasema: basi tumurudishe."

"Kumurudisha wapi?" nikauliza.

"Kwenu."

Walifunga machela ya miti, ile inayoitwa kipoyo. Wakamweka Papa juu yake, wakamfunika. Wanaume sita wakambeba kuelekea Masisi, wakipokezana, kwenye matope yale yale ambayo kamio hazikuweza kupita. Hawakuwa na wazo la kufika Sake, wala Masisi yenyewe. Walitaka tu neno lake liwe kweli. Walikwenda mpaka mvua ikawa kubwa na mto mmoja ukajaa mbele yao, na hapo, upande huu wa mto, wakachimba.

"Kwa hiyo sikudanganye, Mama," akasema. "Bwana yako alizikwa njiani, akiwa anarudi. Ni siye tulimurudisha, lakini alikuwa anarudi."

Mama aliteremsha mikono kutoka usoni. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikakimbia nikidhani analia. Alikuwa anacheka. Machozi yalikuwepo pia, mengi, lakini alikuwa anacheka kile kicheko chake cha zamani cha dukani, kinachoanzia tumboni.

"Muongo!" akasema. "Muongo ule! Mpaka anakufa, anatafuta watu wa kudanganya naye!"

Mke wa mkulima akamshika, wakacheka wote wawili kama watu waliojuana utotoni. Mimi nilitoka nje nikakaa juu ya gogo nikalia vibaya, kwa kelele, na sikujali nani ananiona. Nilikuwa nimekibeba kilio hiki tangu siku ya habari ya kifo, nikidhani nimemaliza. Mwili ulikuwa mwepesi ghafla, hata njaa nilianza kuisikia.

Alasiri ile tulitembea hadi kaburini, sisi wawili na mkulima na wanaume watatu kati ya wale sita. Ni mwendo wa zaidi ya saa moja kwa mtu asiyebeba kitu. Njiani walikuwa wanaonyesha: hapa tulipumzika, hapa huyu aliteleza akaangukia goti, hapa mvua ilianza. Mama aliwashukuru kila mahali, mahali kwa mahali, na kwa yule aliyeteleza aliinama akamshika goti akamuuliza kama lilipona. Mimi nilikuwa naipima njia ile kwa macho. Nilijua ninachokiona, mimi niliyeisukuma pikipiki humo.

Kaburi lilikuwa limefyekwa. Msalaba wa mbao ngumu, bila jina, kwa sababu siku ya kuzika walimjua kwa jina la Dereva tu. Mama alipiga magoti akasali kwa muda mfupi, mfupi kuliko nilivyotarajia, kisha akamweleza Papa habari za komunyo ya mjukuu wake, nani alikuja na nani hakuja. Viatu hakuvitoa kwenye mfuko. Tuliporudi kijijini alimpa yule aliyeteleza, vikamtosha.

Sijawapenda manabii wa mabeseni baada ya hapo. Bado nikipita Mubambiro ninageuza uso. Lakini nimeacha kuwahubiria wafiwa. Mfiwa akija dukani akaniambia anataka kwenda kule, ninampa kiti, ninamuuliza jambo moja: nani alikuwepo? Nani alimpa maji, nani alimshika, nani alimbeba? Umeshaenda kumuuliza? Wengi hawajaenda. Wengine hawana wa kumwendea, na hao sijui niwaambie nini, ninakaa nao tu. Mwalimu yule niliyemkuta kwenye benchi alikwenda hospitali akamtafuta muuguzi wa zamu ya siku ile. Hakuniambia alichoambiwa, wala sikumuuliza. Aliniambia tu kwamba sasa analala.

Mama ameuacha mkeka, amerudi kitandani, na kanisani anaimba tena. Amenisamehe ile simu, ingawa akitaka kushinda mabishano anaitaja. Na watu bado wanamuuliza, wateja wa mbali ambao hawakusikia tangazo, wanamuona peke yake nyuma ya meza wanamuuliza mzee yuko wapi. Anawaambia amefariki. Wakiuliza alifia wapi, Mama anaendelea kupima chumvi, anajibu bila kupepesa macho: "Alifia njiani. Alikuwa anarudi nyumbani."

Mimi niko pale pembeni, mimi ninayemsahihisha kila mtu, bei, tarehe, hata padri. Ninaendelea kupanga sabuni.